Samaki Wanne wa Mtendeni

Nianze na kosa lenyewe, maana wajukuu zangu husema nikisimulia nazunguka mno. Niliua samaki wanne wa baharini, hapa hapa Tabora, kwa mikono yangu hii miwili, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Msicheke. Najua bahari iko wapi na Tabora iko wapi, garimoshi lenyewe lilikuwa linalala njiani enzi zile za Mwingereza. Lakini samaki walifika, wakaishi, na mimi nikawaua.

Tulikaa Mtendeni. Baba alikuwa fundi baiskeli, Mnyamwezi wa hapa hapa, na babu zake walibeba mizigo ya misafara mpaka pwani na kurudi kwa miguu. Mama hakuwa wa hapa. Baba alimpata alipokwenda pwani kujifunza ufundi, katika kijiji kimoja karibu na Dar es Salaam ambako maji yakipwa wanawake huingia miambani kuchokoa pweza. Majirani walimwita "yule wa pwani" miaka yote, hata baada ya kunizaa mimi, utadhani ameshuka kwenye garimoshi jana. Hakujali. Alikuwa mcheshi na mdomo wake mkali, muuza dagaa akimwona anakuja anashusha bei mwenyewe.

Kisha bibi yangu, mama yake mama, akafariki huko pwani. Simu ya kifo ilifika posta asubuhi. Garimoshi la kwenda pwani lilikuwa limeondoka siku iliyotangulia, na jingine halikuwapo mpaka kesho kutwa. Sisi Waislamu hatuweki maiti. Saa ile mama anasomewa karatasi, alijua mama yake ameshafukiwa. Hakwenda. Aliketi kwenye mkeka nyuma ya mlango wa chumbani, matanga yakaisha, watu wakaenda zao, yeye akabaki pale pale. Kupika alipika, kufua alifua, ila maneno yalimwisha. Akifungua kinywa alisema neno moja tu.

"Nirudishe kwetu."

Baba alimjibu, "Subiri mvua ziishe, mke wangu. Zikiisha na moyo wako bado uko huko, nitakupeleka stesheni mwenyewe."

Baba hakuwa mtu wa kuahidi halafu akasahau, na hilo ndilo lililonitia hofu. Tena nilijua kabisa kwamba mama akienda, mimi nabaki. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, mtoto ni wa upande wa baba.

Siku moja baba akarudi na sanduku la kioo limefungwa nyuma ya baiskeli. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama alikuwa akifugia humo visamaki vya mtoni, na kwa vile kioo kimoja kilikuwa na ufa pembeni, aliliacha. Halikuwa kubwa. Dhiraa moja na nusu kwa urefu, kina chake mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Baba aliziba ule ufa kwa lami, akalijaza maji, akakaa analitazama siku nzima kama lina homa. Nikamuuliza la nini.

"La samaki wa kwao mama yako," akasema. "Wakiishi humu, mama yako atakaa. Usimwambie nimekwambia."

Mtoto haambiwi neno kama lile. Baba yangu nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini kwa hilo nina hasira naye mpaka leo.

Barua ya kuomba samaki niliiandika mimi, kwa mjomba, kaka yake mama. Baba alikaa kwenye kigoda ananitajia anachotaka, kwa sauti, makusudi, ili mama aliye nyuma ya mlango asikie.

"Andika: tuletee kipepeo wawili, wale wa manjano. Na pono mmoja wa kijani. Na changu."

Nikaandika. Kisha kutoka nyuma ya mlango tukasikia, "Changu?"

Baba akanikonyeza.

"Changu unamjua wewe, au unamjua kwenye sahani tu? Changu akikua anakuwa mrefu kuliko hilo sanduku! Na kipepeo atakula nini? Yule anadonoa matumbawe. Utampa ugali?"

"Basi chewa," baba akasema, uso mkavu kabisa.

"Chewa! Lo, salale! Chewa atawameza wenzake wote siku ya kwanza, halafu atakutazama wewe!"

Akatoka. Alitoka nyuma ya mlango, jamani, na upande wa khanga unaburuza, akaninyang'anya kalamu ingawa kuandika hakujua, akanirudishia. Hapo akaanza kuchagua. Kikande asije, ni mgomvi, anauma hata kidole. Mkunga asitajwe kabisa. Bunju ana sumu, na katika nyumba yenye mtoto mlafi kama huyu (mimi huyo) hatumtaki. Tasi anapenda kwenda kundi, peke yake atanyong'onyea.

"Mwandikie kaka yangu hivi," akasema. "Maji yakipwa, aende kwenye vidimbwi vya miambani. Achukue wale wadogo wanaobaki humo. Jua linawapiga, maji yanakuwa moto, chumvi inazidi, na wenyewe wapo tu mpaka maji yajae tena. Hao wameshazoea kufungiwa. Hao ndio watakaoweza kukaa hapa."

Baba alikuwa anacheka. Kwa siku nyingi hakuwa ametukanwa nyumbani kwake, na alifurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

Samaki wakaja katika mtungi wa udongo, mkononi mwa rafiki wa mjomba aliyekuwa mpishi wa garimoshi. Njia nzima alikuwa akiyachota maji kwa kikombe na kuyamimina tena ili wapate hewa. Baba hakuweza kungoja. Alikwenda kulilaki garimoshi stesheni ya Igalula, akapanda nalo, akaja akichota na kumimina vituo vilivyobaki. Walitoka pwani saba, wakafika wanne: wawili wa buluu wadogo kama jani la mkwaju, yaani vijipande tu, mmoja mwenye milia myeusi, na mmoja wa rangi ya mchanga, macho yamemtoka juu ya kichwa, sura mbaya hasa. Huyo mbaya ndiye mama aliyempenda. Alimwita mjukuu wa mudiri, yule bwana mkubwa wa serikali kule kwao, kwa jinsi alivyokaa chini bila kazi na kutazama wengine.

Pamoja nao zilikuja chupa kubwa mbili za maji ya bahari, zimevishwa makuti, na karatasi ya mjomba. Naikumbuka kila neno. *Maji yakichafuka au yakipungua, tieni haya. Msiwatie maji baridi kabisa, watakufa.* Baba alinisomesha mara mbili, akaikunja, akaibandika ukutani juu ya sanduku.

Baridi ya Tabora mnaijua. Baba akaleta blanketi lake mwenyewe, na kila magharibi akalifunika sanduku. Mama akamwambia, "Hata shuka hukuwahi kunifunika mimi hivyo," akacheka, wala hakuuliza zaidi. Kwa hewa, baba alijaza upepo mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaufunga mrija mwembamba, upepo ukatoka taratibu majini ukifanya mapovu. Kazi yangu ilikuwa kuujaza kwa pampu ya baiskeli kabla ya kwenda shule na nikirudi. Lakini mara nyingi nilirudi nikakuta umeshajazwa. Mama alikuwa ameinama kwenye kioo, anawapa nyama iliyokatwa ndogo kama punje za mtama, anaongea nao Kiswahili cha kwao, cha haraka, chenye maneno ambayo sikuyajua. Nilimwonea wivu yule samaki mbaya. Nasema kweli.

Mvua zikaisha. Hakuna aliyetaja stesheni.

Kulikuwa na arusi mtaa wa Cheyo. Mama akaalikwa, nasi tulidhani atakataa, kumbe alikuwa ameshapaka hina. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka tangu msiba. Baba alikuwa kazini. Mama akaniachia nyumba, akasimama mlangoni amevaa khanga mpya, akasema, "Nitakuletea pilau. Wewe uwatazame wanangu."

Nikawatazama. Na nilipokuwa nawatazama nikaona mchanga wa sakafuni, nje ya sanduku, umelowa. Ile lami ilikuwa imeachia. Maji yanatiririka ukutani bila sauti, na sanduku limeshafika nusu. Nikabandika nta, nikabandika ugali, Mungu wangu, nikabandika hata sabuni kwa upande wa nje, mpaka pakaziba. Lakini maji yalikuwa yamebaki kidogo, mgongo wa yule mwenye milia ukaonekana juu. Nikakimbilia chupa za mjomba. Moja tupu. Ya pili ilikuwa na maji yasiyojaa bakuli. Nikayatia yote.

Nikasoma karatasi ukutani. Msiwatie maji baridi kabisa, watakufa.

Sikuwa mjinga. Niliteka maji kisimani, nikayatia kwenye sufuria, nikayaweka juani. Nikaona yanachelewa, nikawasha moto. Nikayapima kwa kiwiko, kama watu wanavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yalikuwa ya uvuguvugu mzuri kabisa. Nilijua bahari ina chumvi, ndiyo, lakini niliwaza kwamba chumvi iko mle mle tayari, na mchuzi ukikauka si tunaongeza maji? Nikamimina polepole, ukingoni, nisiwashtue. Sanduku likajaa. Nikajaza mpira upepo. Nilikuwa najivuna, nataka mama arudi anisifu.

Wale wa buluu walianza kuzunguka mbio, kisha wakalala ubavu. Mwenye milia akaja juu. Yule mbaya ndiye aliyechelewa. Alikaa chini mahali pake ananitazama, mashavu yanakwenda, yanakwenda. Nikaongeza maji ya moto, nikidhani bado ana baridi.

Mama aliporudi alikuwa na sahani ya pilau imefunikwa kawa, na alikuwa anaimba. Akaweka sahani. Akatazama.

"Umewatia maji gani?"

"Ya moto kidogo, mama. Si ya baridi. Mjomba alisema wasitiwe ya baridi."

"Ya wapi?"

"Ya kisimani."

Akakaa chini. Akaisoma karatasi kwa kidole kama anayejua kusoma, akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Hapo ndipo akafumba macho.

"Maji baridi ni maji ya kisima," akasema. "Ya mto. Ya kunywa. Yasiyo na chumvi. Ndivyo tunavyosema kwetu. Hata yakichemka, ni maji baridi."

"Sikujua, mama."

"Najua hukujua."

Ningependa angenichapa. Alinitazama tu, si kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto wa watu uliyemkuta njiani, unajiuliza kwao wapi. Miaka kumi na mmoja alinilea, na alikuwa humo humo nyumbani siku zote, na katika Tabora nzima ndiye pekee ambaye angenieleza karatasi ile. Wala sikumwuliza. Nilimficha hata maneno ya baba. Nilidhani nikimwambia anavyotegemewa kukaa, ataondoka.

Baba aliporudi alijua kwa kuona blanketi limekunjwa. Alitaka kuandika barua nyingine. Mama akasema, "Hapana, bwana. Usiwatese tena." Kisha akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Mvua zimeisha."

Baba akampeleka stesheni mwenyewe, kama alivyoahidi. Mama alinishika kichwa dirishani mwa behewa akasema atarudi akishazuru kaburi. Naamini alikusudia. Alituma barua mbili na mfuko wa dagaa wa pwani. Kisha akaugua, akapona, akaugua. Miaka mitatu ikapita hivyo, na Uhuru ulikuwa bado.

Simu yake nayo ilifika asubuhi, garimoshi limeshaondoka. Safari hii baba alinipandisha lililofuata. Nilifika wameshamzika. Nilikuwa msichana mkubwa, nimevimba miguu kwa kukaa, na koo limenikauka kwa vumbi la njia nzima. Bahari ilikuwa pale nyuma ya nyumba, ndiyo mara yangu ya kwanza kuiona, na sikuitazama. Nilikiona kisima uani, nikachukua kata. Mwanamke mmoja mzee, shangazi yake mama, akanishika mkono.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hicho usinywe, kina chumvi. Ngoja nikupe maji baridi."

Akaenda kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni akaniletea kikombe. Maji yalikuwa yamekaa juani, ya uvuguvugu, sawasawa na yale niliyoyapima kwa kiwiko. Akasimama anangoja ninywe. Nikanywa yote.