Siku Niliyomvua Pepa Koti

Mtaniambia ni majonzi ya talaka, kwamba mwanamke aliyeachwa huona mengi. Semeni. Wenzangu wa Tanga wameshasema sana, lakini aliyekuwapo ni mimi. Na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa tisa mchana, jua la baridi linawaka, barabarani mtaa wa Observatory, hapahapa Johannesburg.

Mwaka 2017 mume wangu aliniacha baada ya miaka kumi na moja ya ndoa. Hatukujaliwa mtoto, na neno lake la mwisho mlangoni lilikuwa kwamba mimi hata kifaranga singeweza kumkuza. Nikapanga chumba cha uani kwa bibi mmoja wa Kizungu. Bibi huyo alikuwa akilea watoto wa mbwa wanaoandaliwa kuongoza vipofu: unakaa naye mwaka mmoja, unamfundisha adabu, unamzoesha magari na watu, kisha unamrudisha kituoni akafundishwe kazi yenyewe. Magoti yalipomshinda, akaniombea mimi nishike nafasi yake. Nilikubali siku hiyohiyo. Nilitaka kulea kiumbe mpaka kikue, na yule bwana asikie.

Sisi Waislamu mate ya mbwa ni najisi kwetu, mnajua. Nguo za sala nilizitundika juu kabisa, na kuosha mikono nikachoka. Wenzangu wakaacha kuja, hata chai yangu wakaikataa. Miezi minne nilizungumza Kiswahili na mbwa tu. Nicheke au nilie?

Aliitwa Pepa, jike, rangi ya mchanga, macho ya asali. Akivaa kikoti chake yuko kazini, na mtu mwingine haruhusiwi kumgusa. Ukimvua, ni mbwa wa kuchezewa na yeyote. Kituoni walinisisitizia: barabarani usimvue.

Basi siku hiyo tulisimama kwenye robot, ndivyo wanavyoziita huku taa za barabarani, namfundisha kuketi kabla ya kuvuka. Akaja mwanamume mwenye fimbo nyeupe, miwani ya jua na kanzu safi.

"Asalaam aleykum, dada wa Tanga."

Na mimi sikuwa nimefungua mdomo! Hilo tu lingetosha kunikimbiza. Lakini niamini, moyo uliniruka kwa furaha.

"Waaleykum salaam, kaka. Umejuaje?"

"Watu wa kwetu tunajuana. Huyo ni mbwa wa vipofu?"

"Bado anajifunza."

"Wenzetu wanamkimbia. Mimi simkimbii. Nimguse kidogo?"

"Hairuhusiwi, kaka. Amevaa koti."

"Basi mvue, dada."

Ningemkataliaje? Mtu wa kwanza wa kwetu kunisemesha kwa upole tangu niachike! Nikapiga goti, nikafungua vifungo.

Akainama, akampapasa kichwa, kisha akaweka vidole gumba juu ya macho ya Pepa, polepole, kama anayefuta vumbi. Pepa hata hakulia. Yule mtu aliposimama, alivua miwani. Wallahi, alikuwa na macho ya asali.

"Hijabu ya kijani inakupendeza," akasema. Robot ikaruhusu, akavuka, fimbo kwapani.

Nikamvuta Pepa tuondoke. Akajigonga kwenye nguzo.

Daktari wa wanyama alimpima, akampima tena. "Eish, mama, macho haya ni mazima," akaniambia. "Hayaoni tu." Kituo kikamtoa kwenye mafunzo, kikaniachia nimfuge. Hawakunilaumu, maana sikuwaambia. Nilisema aliamka hivyo. Uongo ule unaniuma kuliko talaka. Yule bwana aliyeniacha naye alisikia, kama nilivyotaka. Nimeambiwa alicheka sana.

Sasa mimi ndiye ninayemwongoza Pepa: ngazi hii, bakuli lile, mlango huu. Nawe uliyeachwa, unayeanza upya kwenye mji wa watu, sikia. Upweke ukikubana na mtu akakusalimu vizuri, mwitikie salamu yake, uende zako. Usimkabidhi ulichoaminiwa eti kwa sababu amekuita dada. Mimi nilimkabidhi, na mpaka leo yule mtu hupita nje ya geti letu. Sijathubutu kuchungulia, nasikia viatu tu, wala fimbo haigongi chini. Pepa akisikia viatu vile hukimbilia getini, anajigonga njia nzima, na anatikisa mkia.