Kaya ya Mtu Mmoja

Murugi hakufika chuo kikuu, ila habari za sampuli alizielewa kuliko wengi waliofika. Wamae, jirani yake wa kule chini, alihojiwa Jumatatu akaja kujigamba kwamba aliulizwa maswali arobaini, na kwamba watafiti wanaruka nyumba nne, wanaingia ya tano. Murugi akasimama langoni pake, hapo Naro Moru, akahesabu kwa kidole kuanzia nyumba inayofuata ya Wamae. Ya tano ilikuwa yake. Akahesabu tena, maana bahati hakuizoea.

Jumanne alifagia uwanja mapema, akainjika githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sufuria kubwa, ile ambayo haikuwa imeona moto tangu matanga ya mumewe. Miaka mitatu hiyo, hakuna aliyeketi akamuuliza swali la pili. Watoto walipiga simu mbio mbio: uko sawa? Niko sawa. Basi. Leo angekuja mtu mwenye maswali arobaini, na kazi yake ni kuyauliza yote.

Akaja msichana mrefu, Kathambi, mtu wa Meru, tableti mkononi. Akakaa.

"Shosho," akamwita kama bibi yake, "kwa hii nyumba mko wangapi?"

"Wanne," Murugi akajibu bila kupepesa macho. "Mimi na watoto wangu, Mwai, Anita na Griffins."

"Na wako wapi?"

"Mwai ako Qatar. Anita ameolewa Kerugoya. Griffins ako Nairobi, anatafuta kazi."

Kathambi akaiweka tableti magotini. "Hao hatuhesabu, shosho. Kaya ni wale wanakula chungu moja. Hii wiki, hapa, ni nani amekula?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, lakini Murugi alikuwa mtu wa kanisa. "Ni mimi tu."

"Pole. Hii utafiti ni ya kaya ya watu wawili kwenda juu. Nitaenda nyumba ingine."

Murugi aliumia, tena sana. Kumbe mtu akiachwa peke yake, hata kuulizwa hafai.

"Na wewe, huko unalala, mnakula wangapi?"

Msichana akaizima tableti. "Nimekodi chumba hapa stage ya matatu. Ni mimi tu."

"Basi hata wewe huwezi andikwa."

Wakacheka. Murugi akapakua sahani mbili bila kuomba ruhusa. Kathambi alikula, akaongezwa, akasimulia jinsi mama yake anavyopika njahi, yale maharagwe meusi. Kisha simu ikalia. Alikuwa msimamizi wake, anauliza amefika nyumba ya ngapi.

Kathambi akaaga, akaenda kwa Ngatia, nyumba iliyopakana na ya Murugi. Murugi alimfuata kwa macho, akasogea hadi kwenye ua uliotenganisha nyumba zao.

"Mko wangapi hapa?"

"Saba," sauti nyingi zikajibu.

Murugi akaegemea ua kungoja swali la pili la tableti, lile ambalo hakuulizwa. Alitaka kulijua tu, hata kama si lake. Lakini kina Ngatia walimkaribisha msichana ndani, mlango ukafungwa.