Mkono Wangu Kwenye Ukuta wa Shule

Mkono wangu ulitokea ukutani, mkubwa kuliko dirisha, ukanyakua mwanasesere wa udongo. Wazazi wote mkutanoni wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti: "Mama Jenista, bangili si yako hiyo?"

Tangu lori la ndizi lipinduke nasi huku Kirushya, nikapona na mguu mmoja mfupi, simwamini mtu. Juzi nilimkuta binti yangu Jenista nyuma ya jiko. Kafinyanga mwanamke wa udongo, kamvika kipande cha kitenge changu, mguu mmoja mfupi. Anamsogeza kidogo, anampiga picha kwa simu ya mwalimu wake, Gaspari. Anamsogeza tena, anapiga.

Jirani yangu Bernadeta, niliyekuwa naye, akaninong'oneza, "Dada, hapo unachezewa. Utaenda kule wanakokusogeza."

Nikamnyakua yule mwanasesere, simu ikiwa bado inapiga, nikamtupa chooni.

"Mama, ni katuni ya shule!" Jenista akalia.

"Katuni gani ina mguu wangu?"

Kumbe picha zile zikiunganishwa, udongo unatembea. Pale ukutani, mwalimu alipozimulika, nilijiona nikitoka chini ya lori, nikijikokota kuelekea nyumbani. Kabla sijafika, mkono wangu mwenyewe ukaninyakua. Kazi ya mwanangu ikaishia hapo.

Jenista nimemwomba radhi. Bernadeta, aliyecheka kuliko wote, tutaonana. Lakini wewe Mwalimu Gaspari, ndiwe uliyewaambia watoto wasituonyeshe chochote mpaka siku ya mkutano. Maisha ni yangu, mguu ni wangu. Kwa nini hukuniuliza? Njoo nyumbani unijibu, mtoto akisikia.