Buti za Wageni

Juzi nilikwenda kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza kununua vichwa vya supu. Nikiwa kwenye foleni dirishani, wanunuzi kutoka Ulaya walikuwa wanaaga. Gari lao lilipotoka tu getini, mtunza stoo akatokea na toroli. "Haya akina mama, buti!"

Wakata minofu wakaanza kuvua buti mpya za mpira na kurudia ndala zao, kwenye sakafu inayoteleza kama mlenda. Nikakumbuka vile vikombe vya kabatini nyumbani, ambavyo sisi wenye nyumba hatuvigusi.

Mama mmoja hakuvua. Alisimama, mkono kiunoni, mpaka meneja akaitwa.

"Mama, hizo ni za wageni," meneja akamwambia.

"Wageni walikuja na viatu vyao, bosi. Tunaoteleza humu ni sisi."

Foleni nzima tukacheka. Meneja alijitahidi kununa, akashindwa. "Sasa kama sakafu inateleza, mbona hamsemi?"

"Tulisema. Mwenzetu alipoanguka akavunjika mkono, tukasema tena. Ukatujibu tukanyage polepole."

Meneja akazitazama zile ndala, akakuna kichwa. "Warudishie," akamwambia mtunza stoo. Toroli likageuzwa kwa vigelegele.

Nami nilipiga makofi. Ila waajiri wetu, mfanyakazi akilalamika, msikilizeni siku hiyohiyo, msingoje Mzungu ashuke kwenye ndege. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikumbuki kama waliongeza kwamba mgeni akiondoka, mwenyeji avue.