Mama Mkwe Alipokwama Koridoni

Siku ya posa yangu niliwekwa chumbani nyuma ya pazia la mlango, nikaambiwa nikae kimya mpaka wageni waondoke. Nyumba yetu ya Kariakoo ni ya zamani: korido moja, vyumba huku na huku, sebule mbele, uani nyuma. Wapangaji wenye maduka wameigeuza korido kuwa stoo: marobota ya mitumba, maboksi ya vyombo vya plastiki, na cherehani mbovu ambayo hakuna anayekubali kuwa ni yake. Unapita ubavu ubavu, na ukikutana na mtu mmoja wenu anarudi alikotoka.

Nilikuwa na hasira tayari. Mama wa mchumba wangu alikuwa ameleta sharti: ndoa sawa, ila niache shahada yangu ya uzamivu, kwa sababu hawezi kuwaeleza majirani zake wa Ilala mkwewe anasoma nini. Baba alisema atajibu siku hiyo hiyo. Kijana wa watu nilimpenda, masomo niliyapenda, na sikutaka kuchagua.

Kueleza kwenyewe ni mtihani, nakiri. Nasoma fizikia: vimiminika vya kwantamu vya mwelekeo mmoja. Chukua chembe, zipoze kwa baridi ambayo friji haijawahi kuiota, zipange kwenye njia nyembamba kiasi kwamba hakuna inayoweza kuipita nyingine. Zitatiririka pamoja, au hazitatiririka kabisa. Weka vikwazo ovyo ovyo njiani, hata vidogo, na msafara mzima unaweza kunasa. Kisha ziache zihisiane kutoka mbali, ya mwisho iisikie ya kwanza, uone vituko. Nilimweleza hivi shangazi yangu mmoja, akaniuliza kama nakula vizuri.

Wageni wakaingia. Wanaume walibaki sebuleni. Wanawake, mikononi wamebeba masinia ya zawadi, wakaingia koridoni kuelekea uani, mama mkwe akiwa mbele. Wakati huo huo shangazi zangu wakatoka uani na masinia ya maandazi na sambusa kuelekea sebuleni. Wakakutana mbele ya chumba changu, penye cherehani. Kugeuka hawawezi, kwa sababu ya masinia. Kurudi kinyumenyume hawataki, kwa sababu ya heshima. Huko uani mpishi, asiyejua lolote, akapiga vigelegele. Korido nzima ikasikia. Wa nyuma, pande zote mbili, wakadhani mbele kumefunguka, wakasukuma. Mama mkwe akabanwa kati ya robota na cherehani.

Nilimsikia akihema nje ya pazia langu.

“Shikamoo mama,” nikasema.

“Marahaba. We ndo mwenyewe?”

“Ndo mimi.”

“Haya niambie, hicho unachosoma ni nini hasa?”

“Ndo hicho kilichokupata, mama.”

Akasonya. Nikajua nimejimaliza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Na huwa wanatoka?”

“Mara nyingine.”

Nikamwambia kwamba kwenye njia nyembamba, wawili wakigongana na kubadilishana mwendo, ni sawa na kwamba wamepitana. Kwa hiyo watu wasimame walipo, masinia ndiyo yasafiri.

“Jamani, acheni kusukuma!” akapaza sauti. “Pokezaneni masinia!”

Yakapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono. Zawadi zikafika uani, maandazi yakafika sebuleni, na hakuna mtu aliyempita mwenzake. Nilifurahi mpaka nikajipigia makofi peke yangu kitandani. Sambusa zilifika pungufu, lakini hilo halimo kwenye nadharia.

Mikono ikiwa mitupu, wanawake wakaanza kurudi nyuma taratibu. Sebuleni baba akasafisha koo. “Sasa, kuhusu lile sharti lenu...”

“Lile sharti nimelifuta!” mama mkwe akadakia kutoka koridoni, mbele ya wanaume, jambo ambalo halifanywi. “Mwacheni amalize.”

Mshenga, ambaye ni kaka yake, akashtuka. “Dada, na majirani utawaambia nini?”

“Nitawaambia anasoma nilivyokwama!”

Nikafunua pazia, nikatoka bila ruhusa ya mtu, machozi yananitiririka, nikamshika mkono wa mama mkwe kumvuta. Dera lake lilikuwa bado limenasa kwenye cherehani.