Mama Pasi na Kitambaa cha Altare Kilichovuka Maji

Alizaliwa mwaka ule mto ulipobeba daraja, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika chumba kilichojaa vipande vya nguo hata mkunga akakosa pa kuweka beseni. Wakubwa walisimulia kwamba hakulia mara moja. Alipiga chafya, akaitazama shuka aliyolazwa, ndipo akalia. Mimi sikuwepo, lakini lazima shuka ilikuwa chafu.

Wito ulimfika akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipoona padri akisoma misa juu ya kitambaa chenye doa la chai. Alishtuka mpaka akasahau kukomunika. Jumatatu yake alibisha hodi sakristia na beseni na sabuni, na hakuondoka huko maisha yake yote. Alichemsha vitambaa vya altare, akavianika, akavipiga pasi ya mkaa aliyoisugua kwanza nta ya mshumaa ili iteleze. Kipande cha nta hakikukosekana mfukoni mwake. Ndiyo maana aliitwa Mama Pasi, ingawa hakuolewa. Aliyemposa, mwashi mwenye adabu zake, alikuja na viatu vyenye udongo. Habari zake zikaishia kizingitini.

Jaribu lake kubwa lilikuwa jirani. Mlango wa pili alihamia muuza mkaa, mjane mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na kila upepo ulipovuma vumbi jeusi liliruka ukuta na kutua juu ya vitambaa vitakatifu kambani. Miaka tisa hawakusalimiana. Mama Pasi, ambaye pasi yake ilikula mkaa kila siku, alikwenda kuununua mtaa wa tatu, kisha akapita na gunia kichwani mbele ya jirani yake, polepole kama bibi harusi. Watakatifu nao wana visa vyao, tusidanganyane.

Tarehe kumi na nne mwezi wa nane, mji wa bandari ulioko kaskazini, ng'ambo ya maji, ulikuwa ukingoja kanisa lake jipya litabarukiwe, na Askofu alikwisha kutangulia. Mama Pasi alipaswa kupeleka kitambaa alichokitarizi miezi mitano. Kivuko kilikuwa kimeharibika, hivyo daktari wa meno mstaafu, mwenye boti yake binafsi ya injini, akakubali kumvusha. Asubuhi hiyo, akifunga sanduku, alimsikia muuza mkaa akigumia nyuma ya ukuta. Mganga wa zahanati alisema ni kidole tumbo, na mpasuaji yuko bandarini tu, mgonjwa akichelewa, amekwenda.

"Boti inabeba abiria wawili, au mmoja na sanduku," daktari alisema gatini, alipomwona mgonjwa naye ameletwa.

Mama Pasi akafungua sanduku, akatoa kile kitambaa kikubwa, akakikumbatia, na vilivyobaki akaviacha gatini. "Mpakie huyu," alisema. "Kelele zake nimezizoea."

Katikati ya maji mawimbi yalipanda, daktari akapunguza mwendo, na hapo miguu yao ikalowa. Jana yake aliiosha boti, akang'oa kizibo cha nyuma ili maji machafu yatoke, akakisahau ngazini kwake. Miaka thelathini ya kung'oa, kurudisha hakujifunza! Boti ilipokwenda mbio tundu lilimwaga maji nje. Ilipopunguza, likayakaribisha ndani.

Sasa mwenye moyo mwepesi akae chini. Mwanamke yule aliyewahi kumchapa katekista kofi kwa kugusa kitambaa bila kunawa, alikitia meno kitambaa cha altare, akairarua pembe yenye msalaba, akaifinyanga na nta ya mfukoni, akaishindilia tundu kwa kisigino. Kilichobaki alimfunika jirani, aliyekuwa akitetemeka na kutapika.

"Dada! Kitambaa cha altare!" muuza mkaa alilia.

"Nyamaza wewe. Miaka tisa umevichafua vitambaa vyangu bila ruhusa. Leo nakuruhusu."

Askofu alikuwa gatini na wazee wa parokia. Walimwona muuza mkaa akishushwa amevikwa nguo ya altare, na matapishi juu. Mzee mmoja alikaa chini juu ya kamba za meli, mdomo wazi.

"Kitambaa kiko wapi?" Askofu aliuliza, ingawa alikuwa akikitazama.

"Kimevaliwa, Baba. Na pembe yake iko kwenye boti. Ukiivuta, daktari hafiki kwake."

Mgonjwa alipasuliwa saa ileile, akapona. Halmashauri ya parokia, kwa mshtuko, ilimzuia Mama Pasi kufua kwa miezi mitatu. Alitii, akakaa benchi la nyuma. Na tulioinua mikono siku ile bado hatujapata pa kuificha. Maana Askofu alitabaruku kanisa juu ya kitambaa kilekile, kimefuliwa hospitalini, bila pembe.

Alifariki miaka kumi na mmoja baadaye, Jumamosi adhuhuri, pasi ikiwa bado ya moto. Aliyemwosha ni muuza mkaa, kwa mikono ileile ya mkaa, na sanda haikupata hata doa. Watu wakasema muujiza. "Muujiza gani?" alijibu mwenyewe. "Ningeacha doa, angeamka." Pembe ile imo kwenye tundu hadi leo. Daktari ana kizibo kipya, lakini hakiweki. "Nimeng'oa kila kitu mjini hapa," husema, "hicho sikigusi."

Basi tumwige. Si lazima upande boti wala urarue kitu. Muuza mkaa yupo mlango wa pili; kanunue hapo.