Nilimtengea Mama Boay Bakuli Lake

Nimemuumiza mtu kwa bakuli. Sikumtukana, sikumpiga, wala sikumsema kwa watu. Nilimwekea bakuli lake peke yake mezani siku ya Krismasi, na bakuli lile likasema yote. Kosa ni langu. Naandika hapa kwa sababu uani kwetu hakuna aliyebaki wa kumwambia.

Majina nimeyabadilisha, langu nimeliacha kabisa.

Nimesoma utalii, nimemaliza chuo, na kazi ya kudumu bado. Nimepanga chumba Karatu mjini, kwenye uwanja wenye vyumba vinne vinavyotazamana. Mimi ni mtu wa kuwaza. Nikitaka kutuma ujumbe nausoma mara sita kabla ya kuutuma, na mara kumi nikishautuma. Mtu akinisalimia kwa kifupi, siku nzima najiuliza nimemkosea nini.

Katika chumba kinachotazamana na changu alikuwa anaishi Mama Boay. Ni mama wa Mbulu, mjane, alikuwa akifanya kibarua kwenye shamba la kahawa. Mwanawe Boay yuko mbali na hapigi simu sana. Mwezi wa tatu mwaka jana mama huyu alikohoa mpaka akakonda, akaenda hospitali, akaambiwa ni kifua kikuu. Wakamwambia achague mtu wa kumsimamia nyumbani, wa kumwona akimeza dawa kila siku na kuweka alama kwenye kadi.

Akanichagua mimi.

"Wewe huna pa kwenda asubuhi," aliniambia bila kunificha. "Na unajua kusoma hayo maandishi yao. Ila usimwambie mtu, mwanangu. Watu wa hapa wakisikia kifua, wanahama hata kwenye benchi."

Nikaahidi. Miezi sita, kila siku saa moja asubuhi, nilivuka uwanja na kubisha mlangoni kwake. Ameze dawa, niweke alama, halafu tunywe chai. Alikuwa ananiuliza nimeota nini, nimeomba kazi wapi, kwa nini sijala jana. Dawa zilipoisha mwezi wa tisa, hakuna aliyesema chai iishe. Tukaendelea. Ninyi mnaoamka kwenye nyumba yenye watu, huenda mkaona ni jambo dogo. Kwangu ilikuwa ndiyo saa pekee ya siku ambayo sikuwaza nimekosea nini.

Siku ya mwisho ya dozi nilikwenda naye hospitali. Muuguzi alituambia sote wawili, taratibu kabisa: huyu mama amepona. Akaongeza kwamba ugonjwa ule unasafiri kwa hewa mtu akikohoa, hausafiri kwa vyombo. Nilisikia. Nilielewa. Naomba mkumbuke hilo, maana siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Basi ikaja Desemba. Karatu wakati wa Krismasi wenyewe mnaijua. Wachaga wanapanda magari kwenda kwao, na wanaobaki ni wale ambao hoteli hazikuwapa likizo na wale ambao hawana mahali. Kwetu ni Digodigo, na mvua ikinyesha barabara ya huko haieleweki. Huo ndio udhuru niliowapa nyumbani. Ukweli ni kwamba sikutaka kukaa na wajomba wanaouliza, "Kazi umepata?"

Uani tukabaki wote wanne na mtoto. Mimi na Mama Boay. Eliudi, dereva wa watalii kutoka Rombo, ambaye wageni wake wa mwisho walitoka mbugani, kreta, mkesha wa Krismasi na kuondoka. Na Rehema wa Singida, anayeuza mboga sokoni, pamoja na binti yake Nasra wa miaka miwili. Rehema ni Mwislamu, lakini yeye ndiye aliyesema tusikae kila mtu chumbani kwake kama wafungwa. Akasema atapika pilau. Eliudi akaleta mbuzi. Mama Boay akaahidi chai na maandazi.

Mimi nikasema nitatengeneza dipu.

Nilijifunza nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, jikoni kwenye hoteli moja huku juu. Ni vitu rahisi vya kuchovya kabla ya chakula. Nikafanya nne. Parachichi la kupondwa, ndimu, kitunguu na pilipili. Maziwa mgando niliyoyachuja kwenye kitambaa mpaka yakawa mazito, nikatia kitunguu saumu na giligilani. Maharage yaliyopondwa na bizari kidogo. Na bilinganya, nimelichoma juu ya mkaa mpaka ganda likawa jeusi, nikachanganya nyama yake na karanga za kusaga. Vya kuchovya nikakata chapati vipande na kuvikaanga vikauke, na karoti mbichi. Mtu yeyote anaweza. Kazi yote haikuzidi saa moja na nusu.

Shida ilikuwa imenigusa kidogo asubuhi tukinywa chai na Mama Boay, ikanishika nilipokuwa namimina kwenye mabakuli. Nikaona picha yote kichwani: mabakuli manne katikati, mikono ya watu wote ndani, Mama Boay anachovya, anauma, anachovya tena, na mkono mdogo wa Nasra unafuata.

Nikajiambia, amepona. Nikajijibu, na kama muuguzi alikosea? Nikajiambia, hausafiri kwa vyombo. Nikajijibu, na mtoto akikohoa Januari, halafu Rehema akajua kwamba mimi nilijua?

Hapo ndipo ubaya wangu ulipo, ndugu zangu. Sikumwogopa mgonjwa, maana hakukuwa na mgonjwa. Niliogopa kulaumiwa. Nilisimama jikoni na kijiko mkononi nikiandaa utetezi wa kesi ambayo hakuna aliyeifungua.

Nikachukua bakuli dogo la plastiki, la kijani, nikaweka vijiko viwili vya kila dipu, nikalifunika kwa sahani. Nikajipongeza hata. Nikasema hakuna atakayegundua.

Tulikaa saa nane mchana, mkeka na viti, mvua imekatika. Nasra alikuwa kwenye mapaja ya Mama Boay kama kawaida yake. Rehema akiwa sokoni na Mama Boay hana kibarua, Mama Boay ndiye aliyekuwa akimlea.

Eliudi alipoyaona mabakuli alicheka. "Msomi, hii ndiyo digrii? Parachichi limepigwa mpaka limekiri makosa."

"Onja kwanza," nikasema.

"Naijua hii. Wageni wangu wanakula hii kabla ya chakula, wanashiba, halafu mbuzi wanamwangalia tu."

"Basi wewe usile, utuachie," Rehema akamwambia, tayari ana kipande cha chapati mkononi. Alichovya kwenye bilinganya, akafumba macho. "Eliudi, kaa na mbuzi wako. Mimi nimefika."

Mama Boay akauliza, "Hii nyeupe ni mtindi au ni uji wa mgonjwa?" Watu wakacheka, na yeye akanyoosha mkono wenye karoti kuelekea bakuli la katikati.

Nikainuka haraka. Haraka mno. "Mama, ya kwako hii hapa," nikasema, nikamwekea lile la kijani mbele yake.

Mkono wake ukabaki hewani kidogo. Kisha akaurudisha, akachovya kwenye bakuli lake.

Rehema akatania, "Mama Boay, mbona wewe umetengewa kama askofu?"

Nimeirudia sentensi hiyo zaidi ya kitu chochote nilichowahi kusikia. Alinifungulia mlango. Ningesema tu, "Ndiyo, huyu ndiye askofu wetu." Ningesema hapendi pilipili. Ningesema nimemtengea kwa sababu ndiye mkubwa wetu, na kila mtu angekubali. Mama Boay aliniangalia, akisubiri niseme lolote kati ya hayo.

Kichwa changu kikakimbia huko na huko, na mdomo ukatoa hiki: "Hapana, ni tahadhari tu. Na hata hivyo alishapona."

Nilidhani namtetea.

Rehema akaacha kutafuna. "Alishapona nini?"

Eliudi akaanza kugeuza nyama ambayo haikuhitaji kugeuzwa.

Mama Boay ndiye aliyejibu. "Kifua kikuu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilitumia dawa, nikamaliza mwezi wa tisa. Kadi iko ndani."

"Pole, mama," Rehema akasema. Alisema kwa upole, sitamsingizia. Kisha akanyoosha mikono. "Nasra, njoo kwa mama."

Mtoto hakutaka. Aling'ang'ania kitenge. Mama Boay akamfungua vidole, kimoja kimoja, akamsukuma taratibu aende.

Halafu akala. Alikula kila kilichokuwa kwenye bakuli lile, akasema ni kitamu, akaliosha mwenyewe bombani, akanirudishia likiwa safi. Maandazi yake hakuna aliyeyagusa isipokuwa Eliudi, na hata yeye alikula moja tu. Mimi sikula. Nilikuwa nawaza kama nikila itaonekana najionyesha. Fikirieni, hata pale nilikuwa bado nawaza itaonekanaje.

Kesho yake saa moja asubuhi nilivuka uwanja nikabisha. Akafungua mlango nusu.

"Mwanangu, leo nina haraka, nawahi shamba."

Kesho kutwa vilevile. Siku ya tatu sikubisha.

Rehema akampata dada mwingine wa kumwachia Nasra, mtaa wa pili. Kila asubuhi alimpitisha mtoto mbele ya mlango wa Mama Boay, na mtoto alikuwa akiita kwa kirefu, "Bibiii," mpaka wanapotoka getini. Mlango haukufunguliwa. Mimi nilikuwa nasikia yote kutoka chumbani kwangu.

Na lile nililoliogopa lilinipata hilohilo. Rehema alinisimamisha bombani, ndoo mkononi. "Wewe ulijua miezi yote hiyo, ukaniacha nimpe mtoto?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuwa miezi miwili ya mwanzo Mama Boay alikataa mwenyewe kumbeba Nasra, akisingizia mgongo, mpaka hospitali waliposema hakuna hatari tena.

Rehema akaweka ndoo chini. "Kwa hiyo yeye alimlinda mwanangu," akasema, "na wewe ulijua amepona. Sasa bakuli lilikuwa la nini?"

Mpaka leo hanisalimii zaidi ya "mambo", na sioni kama nastahili zaidi.

Januari haijaisha, Mama Boay alihama. Alipata kibarua cha vitunguu Mang'ola, huko bondeni. Nilimsaidia kupakia godoro kwenye gari. Alinishukuru kama mtu anavyomshukuru mpita njia. Chumba chake amepanga kijana wa benki ambaye hutoka alfajiri na kurudi jioni na spika za masikioni. Siku hizi naamka saa tatu makusudi, ili asubuhi iwe fupi.

Februari nilishindwa kuvumilia nikashuka Mang'ola. Nilimkuta amekaa kwenye rundo la vitunguu na wanawake wenzake, wanakata majani. Alinyanyuka, akajifuta mikono.

"Karibu, mgeni," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nina maneno kama ya mahakamani. Nikasahau yote. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Nilishakusamehe siku ileile."

"Basi rudi Karatu. Chumba nitakutafutia."

Akacheka kidogo. "Nikafanye nini? Kule nani ataniachia mtoto?" Akaokota kitunguu, akakikata majani, akakitupa kwenye rundo. "Huku hawanijui. Jana mmoja kaniomba maji, akanywa kwenye kikombe changu bila kuuliza. Nilitamani maji yale yasiishe kikombeni."

Nikaanza kueleza hofu yangu, jinsi nilivyowaza hiki na kile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama zamani. Kisha akasema, "Asubuhi ile ya Krismasi tulikunywa chai pamoja. Hofu ilikuwepo?"

"Ilikuwa imeanza."

"Ungeniambia. Ningekuambia upakue kwenye sahani, kila mtu na yake. Mimi pia ningekula kwenye yangu, na nani angejua?"

Wenzake wakamwita. Akaniaga kwa mkono, akarudi kwenye rundo lake.

Ni kweli, jamani. Sahani tano na kijiko kimoja cha kupakulia. Nimesoma miaka mitatu namna ya kuhudumia wageni, na hilo halikunijia, kwa sababu nilikuwa nimejishughulisha na mimi mwenyewe.

Kwa hiyo nawaonya ninyi mnaosoma. Mtu akikuamini na ugonjwa wake, usidhani siri inakaa mdomoni tu. Inakaa pia kwenye mkono unaompa kikombe, kwenye kiti unachomsogezea, kwenye haraka yako ya kuinuka. Unaweza usiseme neno na ukawa umemtangaza.

Na kama una hofu, hata ya kijinga, mpelekee yeye mwenyewe. Mpelekee mkiwa wawili, mapema, watu hawajakaa. Ataicheka, au atakasirika, au atakupa jibu ambalo hukulijua, na mambo yataishia hapo. Mimi yangu niliibeba kimya tangu asubuhi, nikaja kuipakua mbele ya watu, na nikampa yeye peke yake aile.